Wakuu, sita tatu mkononi ila mezani shupaza zimejaa. Nililaza sawa au niliogopa tu?

Mwana_Ilomba

Habari za jioni wakuu, na wa huku kwetu ugonile. Naombeni akili zenu maana toka Jumamosi usiku hii kitu inanizunguka kichwani, mama watoto ananiuliza unawaza deni gani namwambia hapana nawaza karata, akaniangalia tu akaendelea kukunja nguo.

Mazingira kwanza. Tuko sita, tunakutana Jumamosi kwa jamaa mmoja pale Forest, na mwezi huu wa sita mnajua Mbeya ikoje, jiko la mkaa katikati, mlango umeachwa wazi kidogo, kila mtu koti mpaka kidevuni. Hatuchezi hela. Tunachezea maharage, ya njano ni moja, jekundu ni tano, punje ya mahindi ni ishirini. Unachoweka kinaenda kwenye sufuria lipo katikati ya meza. Kila mtu anaanza na mia mbili, na wawili watakaomaliza na maharage machache ndo wananunua nyama ya wiki inayofuata. Karata zenyewe ni zile za plastiki tulinunua Mwanjelwa mwaka jana, zimeshachoka, tisa ya shupaza ina kona imepinda mtoto wa mwenye nyumba aliing'ata, ila zinachezeka.

Mchezo ni poka ile ya Texas, kwa asiyejua kila mtu anapewa karata mbili anazificha, halafu mezani zinafunguliwa tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua watu wanaweka au wanapita (hawaweki ila bado wamo) au wanalaza (wanajitoa). Mwenye tano bora kati ya zake na za mezani anabeba sufuria.

Sasa mimi ndo nilikua nagawa kwahiyo naongea mwisho. Nikapata sita ya kopa na sita ya pau. Mwalimu (ni mwalimu kweli, wa sekondari) akafungua kwa 8. Mmoja akalaza, zamu ikafika kwa jamaa wa Tunduma, yeye anafanya kazi za forodha kule mpakani anakuja wikendi, akafuata 8. Nikafuata 8. Wawili walioweka lazima kabla ya karata, jumla 3, wakalaza, sufuria ina 27.

Nikafungua tatu: JEKI YA SHUPAZA, KUMI YA SHUPAZA, SITA YA URU. Aisee moyo ulipiga. Sita tatu! Mwalimu akaweka 15, Tunduma akafuata 15, mi nikajifanya nakuna kichwa nikafuata 15 tu nisije nikawatisha wakakimbia. Sufuria 72.

Karata ya nne: TISA YA SHUPAZA. Dah. Yani katika karata zote. Sasa mwenye shupaza mbili ana flashi (tano za aina moja), mwenye kingi na kwini ana streti (tano zinazofuatana), na zote zinazipiga sita tatu. Mwalimu akagonga meza akapita. Tunduma bila kuchelewa akaweka 50. Nikafikiria nikaona bado naweza kupata fulu hausi (tatu za namba moja na mbili za nyingine) inayozipiga hizo, nikafuata 50. Mwalimu akaguna akalaza. Sufuria 172.

Ya mwisho: NNE YA PAU. Garasa, haina faida kwa mtu. Tunduma akasukuma zote, 127, kwa mikono miwili kama anasukuma unga. Na mimi nilikua nimebaki na 127 hizo hizo.

Nilikaa kama dakika tano, chai yangu ikapoa, watu wakaanza kunizomea. Nikalaza. Jamaa hakuonyesha, akazichomeka karata zake katikati ya zingine akaanza kuvuta sufuria. Sasa nauliza, nililaza sawa au nilipigwa mkwara, yani kanitisha bila karata?

---

Kijana_wa_Isanga

Mzee baba ulipigwa mkwara mchana kweupe 😂😂 sita tatu unazilaza? We ulikua unasubiri nini, zishuke sita nne na barua ya mwaliko? Ukishika karata mbili zinazofanana, nafasi ya kupata ya tatu kwenye zile tatu za kwanza ni kama mara moja kati ya nane na nusu hivi, yani unakesha Jumamosi nzima unasubiri hiyo, ikija unaiogopa.

Nenda YouTube katafute fainali ya mashindano makubwa ya dunia ya Las Vegas mwaka 2003, yule mhasibu wa Kimarekani Chris Moneymaker na Sam Farha wamebaki wawili. Mezani shupaza tatu, meza ya kutisha kama hiyo yako. Moneymaker ana kingi ya shupaza peke yake, alikua anasubiri flashi haikuja, streti haikuja, mkononi hana hata peya (mbili za namba moja). Akasukuma zote. Farha ana peya ya tisa, ndo karata bora pale, kawaza weee akalaza. Moneymaker akaenda kubeba dola milioni 2.5. Sasa huyo wako wa Tunduma unadhani hajaangalia hiyo video? Kila mtu kaiangalia.

---

FundiHesabu

Kijana umesema kweli ila mfano haufanani, Farha alikua na peya moja, huyu ana sita tatu. Ngoja nije na kalamu.

Mwana_Ilomba kaka, hapo mwisho sio penye tatizo. Tatizo lako lipo pale pa kwanza ulipojifanya unakuna kichwa. Meza ya jeki na kumi za shupaza sio meza ya kuvizia. Kila mtu ana kitu anachosubiri pale, mwenye kingi na kwini anasubiri esi au tisa, mwenye nane tisa anasubiri kwini au saba, mwenye shupaza mbili anasubiri ya tatu mezani. Meza ikiwa kavu, mfano kingi saba mbili za rangi tofauti, hapo kaa kimya kunywa chai yako maana hakuna kitakachobadilika. Pale kwako nusu ya karata zilizobaki zinabadilisha kila kitu.

Angalia bei uliyowapa. Sufuria lilikua 27, Mwalimu kaweka 15, Tunduma kafuata 15, jumla 57. Ungepandisha mpaka 65 hivi, Tunduma angetakiwa kuongeza 50 ili agombee 122. Hiyo ni sawa na kumwambia ulipe kama unashinda angalau mara 29 kati ya mia. Mwenye streti ya kuunga pande zote mbili ana karata 8 kati ya 47, ni 17 kwa mia kwa karata moja. Mwenye kusubiri flashi ana 9, ni 19 kwa mia. Kwahiyo wote wanalipa ghali, wakilipa unachekelea, wakilaza umebeba 57 bila presha. Wewe ukawaacha waione karata ya nne kwa 15 tu, bei ya mchicha.

Na usidhani ulikua salama sana hata pale. Mtu akiwa na kingi na kwini zote za shupaza dhidi ya sita zako tatu, mkimaliza zote pale pale, yeye anashinda kama mara 42 kati ya mia na wewe 58. Ni karibu kurusha shilingi. Ndo maana maharage yako ulitakiwa uyaweke mapema wakati bado uko mbele.

---

Mwana_Ilomba

Fundi nimekuelewa ila niliogopa ningepandisha wote wangelaza nikala vimaharage vya kitoto. Ile ndo karata yangu kubwa ya mwezi mzima.

---

FundiHesabu

Kaka 57 sio vya kitoto, ulianza na 200. Na hawalazi wote. Mwalimu alikua na nini?

---

Mwana_Ilomba

Mwalimu kasema alikua na esi mbili, ya kopa na ya uru. Huyu hadanganyi, ni mtu wa kanisani.

---

FundiHesabu

Basi ndo hapo! Mwenye esi mbili angekulipa mpaka mwisho wa dunia. Angeweza hata kusukuma zote mwenyewe. Umemwacha mtu wa esi mbili akatoka kwa 23 tu jumla, inaniuma mimi ambaye sikuwepo.

Sasa karata ya nne. Sufuria lina 72, kaweka 50, unalipa 50 kugombea 122. Ukiwa tayari umepigwa, una karata 10 za kukuokoa, jeki tatu, kumi tatu, tisa tatu na sita moja, kati ya 46 ambazo hujaziona. Hiyo ni 22 kwa mia, na bei inataka 29. Haitoshi peke yake. Lakini ukipata fulu hausi halafu akakulipa tena, inafidia. Nimepiga hesabu, inabidi ukilamba dume umtoe kama 58 zaidi kwa wastani, na yeye alikua na 127 mbele yake. Inawezekana. Na kuna wakati ulikua bado unaongoza, mfano ana jeki na kumi. Kwahiyo kufuata hapo sikulaumu, ila Mwalimu alikua bado nyuma yako hajaijibu ile 50, angeweza kupandisha ukajikuta umechoma 50.

Ya mwisho sasa. 127 kugombea 299, unatakiwa uwe unashinda mara 30 kati ya mia. Karata gani angecheza hivi? Kingi na kwini ziko njia 16 (kingi nne mara kwini nne). Esi ya shupaza na shupaza nyingine njia 9. Nane na saba za aina moja njia 4. Hizo 29 zote zinakupiga, sijaweka hata seti kubwa, yani jeki tatu au kumi tatu. Unazozipiga wewe ni jeki na kumi, njia 9, na mi sidhani mtu wa peya mbili anasukuma zote kwenye meza ile, lakini tumpe zote. Tisa kwa 38 ni 24 kwa mia. Haifiki 30. Ili ufike lazima umwongezee mikwara mitatu minne hivi. Ndo swali lenyewe hilo, jamaa anapiga mikwara au hapigi? Kalamu yangu inaishia hapo.

---

DadaTukuyu

Kamwene na ugonile wote. Naona wanaume mmejaa hesabu, nami niseme langu. Mi nimekulia kwenye arbastini ya bibi na babu, poka nimejifunza chuo pale Iyunga, na kitu nilichojifunza ni kwamba watu wa mezani nyumbani hawachezi kama watu wa video. Kaka wa Isanga, yule wa 2003 alikua anagombea mamilioni ya dola, ana sababu ya kupiga mkwara. Huyu wa Tunduma anagombea nini, kutokununua nyama? Watu wa maharage wakishika kitu wanaweka, wakikosa wanapita. Mtu wa kawaida akisukuma zote kwenye karata ya mwisho, na mezani kuna shupaza tatu na jeki kumi tisa zimepangana kama ngazi, ANACHO.

Ila nina maswali kaka Mwana_Ilomba. Karata ya nne ilivyofunguka alichukua muda gani kuweka ile 50? Na umeshawahi kumkamata akipiga mkwara?

---

Mwana_Ilomba

Dada asante. Ile 50 aliweka hapo hapo, hata sijarudisha mkono vizuri. Alikua ameshayahesabu, mahindi mawili na maharage mekundu mawili yako kiganjani.

Mkwara nimemkamata mara moja, mwezi wa tano, alikua na garasa tupu, mbili na saba, akasukuma 80 mwenye nyumba akamlipa. Alicheka kuliko wote.

---

Kijana_wa_Isanga

Si niliwaambia 😂 mtu anasukuma mbili na saba huyo ni mkwara umevaa viatu.

---

DadaTukuyu

Mara moja kwa miezi mingapi mdogo wangu? Tena aliyekamatwa mwezi wa tano mwezi wa sita anakua mpole, kila mtu bado anamkumbuka. Au anasubiri mkumbuke ili akiwa nacho mumlipe. Mi kwa hiyo 50 ya haraka ndo nazidi kusema alikua nacho. Mtu wa mkwara lazima afikirie kidogo, hata kama ni sekunde tatu. Huyu kajua atakachofanya kabla.

Mi ningelaza pia. Roho ingeniuma, ningelaza.

---

Mlinzi_wa_Sae

Napita tu. Endeleeni na maharage hivyo hivyo wakuu, siku mkihamia kwenye hela kuna sheria ya mwaka 2003 na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, mambo ya leseni sio ya sebuleni Forest.

---

Mwana_Ilomba

Mkuu hatuhami, mwenye nyumba mkewe ndo ana sauti na kasema ya maharage tu na yarudi yote.

Halafu wakuu kuna kingine kinachonikera. Jumapili Mwalimu alimuuliza Tunduma akasema alikua na kingi kwini. Jumatatu namuuliza mimi kwenye simu ananiambia alikua na esi ya shupaza peke yake na tano ya kopa, yani hana kitu. Nani mkweli hapo?

---

FundiHesabu

Hakuna. Karata ambayo haijafunguliwa mwenyewe anaitumia mpaka Krismasi. Ila esi na tano za aina tofauti kufuata 8 za Mwalimu na 15 kwenye jeki kumi sita? Na esi ya shupaza peke yake? Ngumu kidogo. Nasimama kwenye kingi kwini.

---

Mnyalukolo_wa_Kihesa

Kamwene wanandugu, nipo Iringa huku baridi letu halina tofauti na lenu. Nimesoma kuanzia juu taratibu, nimerudia mara mbili, na naona wote mmeruka kitu.

Mwana_Ilomba ndugu yangu, wewe mwenyewe umeandika kwamba tisa ya shupaza ina kona imepinda. Mtoto aliing'ata. Sasa nijibu, mezani kwenu kuna mtu asiyeijua hiyo karata?

---

Mwana_Ilomba

Wote tunaijua. Tunaicheka kila siku.

---

Mnyalukolo_wa_Kihesa

Haya. Na mkigawa, kabla ya kufungua zile tatu mnachoma karata ya juu? Yani unaitoa pembeni imelala bila mtu kuiona, halafu ndo unafungua. Na kabla ya ya nne tena, na ya tano tena.

---

Mwana_Ilomba

Hapana mkuu hatuchomi. Tuliona ni kupoteza karata.

---

Mnyalukolo_wa_Kihesa

Ndugu yangu. Ile kuchoma sio madoido ya kasino. Kazi yake ni hiyo hiyo moja, karata inayofuata ikiwa na alama yoyote mtu asiione wakati bado anaamua aweke au alaze. Unachoma, ile ya juu ambayo watu wameitolea macho inaondoka, inakuja iliyokua imefichwa chini yake.

Sasa rudi Jumamosi. Umefungua jeki, kumi, sita. Karata inayofuata ni tisa ya shupaza, na iko juu ya fungu, kona imenyanyuka. Inakaa pale muda wote Mwalimu anahesabu 15 zake, muda wote Tunduma anaamua afuate au asifuate, muda wote wewe unakuna kichwa. Fungu uliliweka wapi?

---

Mwana_Ilomba

Dah.

Nililiweka juu ya kigoda kulia kwangu, maana mezani sufuria limejaa na vikombe. Taa iko upande huo huo. Na anayekaa kulia kwangu ni Tunduma.

Wakuu ngoja nikae kwanza.

---

Kijana_wa_Isanga

WEEEEE 😂😂😂😂 jamaa kaangalia kesho yake kabla haijafika

---

DadaTukuyu

Ndo maana 50 zilikua kiganjani! Nilisema alijua atakachofanya kabla, sikujua kabla yenyewe ni kabla hivyo. Jamani.

---

FundiHesabu

Ngojeni tusimhukumu mtu kwa kona. Ukiwa na kingi na kwini pale, 15 kugombea 42 wengi wanafuata bila kuona chochote, una streti ya pande mbili na watu wawili wa kukulipa. Kwahiyo kufuata kwake hakuonyeshi kitu.

Ila kuna jambo linanisumbua zaidi, hata tukikubali aliiona, bado hatujui alikua na nini. Mwenye kingi kwini akiiona tisa inakuja anajua streti imeiva. Na mwenye esi ya shupaza tupu akiiona anajua karata ya kutisha inakuja, anajiandaa kupiga mkwara mtakatifu, 50 kiganjani kabisa. Kuiona kunawasaidia wote wawili. Ile hadithi yake ya Jumatatu niliyoitupa inabidi niirudishe mezani. Alifuata 15 na karata mbovu, kwanini? Kwa sababu alijua kinachokuja. Hapo ile mikwara mitatu minne niliyosema inakosekana inaweza kuwepo, na kulipa kwako 127 kunakua sio ujinga.

---

Kijana_wa_Isanga

Kwahiyo nilikua sahihi?

---

FundiHesabu

Kwa sababu zisizo zako, inawezekana.

---

Mnyalukolo_wa_Kihesa

Na mimi nina la mwisho kabla sijaenda kufunga ng'ombe. Mwana_Ilomba, kona hiyo hata wewe unaijua. Fungu lilikua lako, ulikua umelishika mkononi dakika moja kabla. Ungeshusha macho kwenye fungu badala ya kuzitazama sita zako mara ya kumi, ungejua tisa ya shupaza inakuja, na ungepandisha pale pale hata mpaka mia.

---

FundiHesabu

Angepandisha wakati anajua kinachokuja angekua anafanya kile kile tunachomshuku mwenzake, mzee wangu.

---

Mnyalukolo_wa_Kihesa

Kweli baba. Lakini angekua na usingizi.

---

Mwana_Ilomba

Wakuu nimerudi. Nimekaa siku mbili sijaandika maana kulikua na mambo ya shamba Uyole, viazi vinatolewa.

Kwanza, nimewasomea wenzangu hii mada yote. Mwalimu kacheka, kasema yeye ameiona ile kona ila alidhani kila mtu anaiona ndo maana alipita kwenye karata ya nne bila hata kufikiri, alishajiandaa. Kwahiyo tulikua watatu mezani, labda wawili waliiona inakuja, na asiyeiona ndo mgawaji.

Pili, maharage. Mke wa mwenye nyumba aliyahesabu Jumapili akakuta pungufu, akasema yaliyobaki yanapikwa, na yamepikwa kweli, na mahindi ya ishirini ishirini kayatia humo humo likawa kande. Nimelila. Jumamosi hii tunatumia vizibo vya soda.

Tatu, nimempigia Tunduma. Nikamwambia kaka nisamehe nikuulize kitu kimoja tu na wala sikulaumu, ile tisa ya shupaza uliiona pale kwenye kigoda au hukuiona? Akanyamaza kidogo, nikawa nasikia malori yanapiga honi kule nyuma yake. Halafu akacheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Mwanangu, karata si ulikuwa umezishika wewe."